Mpe Jembe Siku ya Kwanza

(Maneno ya mwongoza wageni kwa familia zinazojiandaa kupokea watembeaji, katika kijiji kimoja cha Usambara Magharibi)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Mbona mnacheka, si nimesema wenzangu? Na ninyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Mtae, poleni na baridi. Kwa Kisambaa chetu, onga maundo, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Mimi kazi yangu ni kutembea, na mtu wa kutembea akisimamishwa mahali pamoja huchoka upesi, kwa hiyo msiwe na wasiwasi, chai haitapoa.

Niliingia kazi hii nikiwa kijana, katikati ya miaka ya 1990, wakati Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV walipoanzisha habari ya utalii wa utamaduni, na Lushoto ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kabla ya hapo mgeni wa Ulaya tuliyemzoea huku juu ama alikuwa wa misheni, ama wa mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na aghalabu alikuja na Land Rover. Mara wakaanza kushuka pale stendi vijana wenye mabegi mgongoni kama kobe, wanasema wanakwenda Mtae. Basi si lile pale? Hapana, wanataka kwenda kwa miguu. Marehemu mama yangu alinivuta pembeni akaniuliza, "Hawa wameibiwa nauli?"

Nikamwambia, mama, wamelipa ili watembee. Alinitazama weee, kisha akarudi kuchambua maharage yake.

Njia mnaijua. Unatoka Lushoto mjini, unapanda msitu wa Magamba huku mbega wanakuchungulia juu ya miti, unatokea upande wa Lukozi kwenye kabichi na viazi, unalala Rangwi au jirani ya Rangwi, na siku ya tatu au ya nne uko Mtae, pale mlima unapokatika ghafla ukaiona mbuga ya Mkomazi imetandikwa huko chini. Kundi ni watu sita, wanane, na mwongozaji wao. Zamani tuliwalaza nyumba za wageni, au kwa masista wa Rangwi, ambao wamepokea watembeaji wengi kuliko sote tuliomo humu. Kisha wageni wenyewe wakaanza kuuliza: hatuwezi kulala kwa watu? Ndiyo maana leo mmeitwa hapa ninyi, hawakuitwa wenye hoteli.

Sasa niseme lililonileta.

Yale maneno ya mgeni sote tumekua nayo: siku ya kwanza mpe mchele na panza. Panza ni samaki wa baharini, sisi wa mlimani tunamla kwa mdomo wa kuimba tu, lakini maana tunaijua. Siku ya kwanza unatoa cha juu kabisa ulicho nacho. Siku ya pili unapunguza. Ya tatu unampa jembe. Waliotunga hawakuwa wachoyo. Walijua nyumba haiwezi kuishi siku ya kwanza moja kwa moja, itaanguka.

Na mgeni wetu huyu wa begi analala usiku mmoja. Asubuhi anaaga, "Hongea, hongea sana," asante ya Kisambaa amefundishwa na mimi njiani, anakwenda zake. Jioni ya keshokutwa linakuja kundi jingine, nalo lina siku yake ya kwanza. Hesabuni wenyewe. Msimu wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, kaya ikipokea makundi mawili kwa wiki, hizo ni siku za kwanza zaidi ya thelathini. Zaidi ya mara thelathini mama anatoa shuka ya sandukuni, anachinja, anahamisha watoto kitandani wakalale chini jikoni, anasimama mlangoni na kanga mpya akitabasamu. Siku ya jembe haifiki kamwe.

Nimeona mwisho wake. Kuna nyumba moja, sitasema kijiji, ilikuwa ndiyo bora katika njia yote. Mama yule akiwapokea watu, wengine walilia wakati wa kuondoka. Mwaka wa tatu, mwezi Agosti, nimefika na watu saba, jua linazama, baridi ile ya Agosti ambayo ukisema neno unaiona pumzi yako. Akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo tuna msiba." Nikampa pole. Nikawageuza watu wangu tukatembea gizani kwa muda wa saa moja na nusu. Wiki iliyofuata nilirudi na rambirambi mkononi. Hakukuwa na aliyekufa. Alikuwa amechoka, na kusema "nimechoka" mbele ya mgeni hakuweza, malezi yake hayakumruhusu. Akaona heri msiba.

Sikumlaumu hata kidogo. Nilijilaumu mimi, maana kwa miaka mitatu nilikuwa nampelekea siku ya kwanza mlangoni kwake kama mtu anayepeleka kuni.

Basi ninachowaomba leo ni kimoja: jembe litoeni siku ile ile ya kwanza.

Naona mzee mmoja hapo anatikisa kichwa. Mzee wangu, naomba nikukumbushe habari ambayo wewe ndiye ungenifundisha. Mbegha alikuwa nani milimani hapa? Mgeni. Mwindaji aliyetoka Nguu, na mbwa wake. Wasambaa hawakumweka juu ya mkeka wakamlisha wali. Nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba, yeye akawaua nguruwe, akagawa nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Alileta kazi ya mikono yake siku alipofika, na kwa kazi ile akaozwa, akaitwa, mpaka alipoua simba karibu na Vuga wakampa nchi. Hivi ndivyo tulivyosimuliwa. Angekaa siku zote anakula mchele na panza, ukoo wake wa Kilindi, uliotawala milima hii, ungekuwa wapi? Na alipokuja Krapf yule mmisionari, mwaka 1848, kwa mfalme wetu Kimweri ye Nyumbai, naye alikuja kwa miguu na mwongoza njia. Kwa hiyo mgeni wa miguu, vijana, hajaletwa na intaneti.

Jembe ninalolisema si la kumlimisha mtu ekari. Ni kazi yoyote ya nyumba inayofanyika jioni ile hata kama mgeni asingekuja. Mahindi yanapukuchuliwa? Vuta kigoda, mpe gunzi. Viazi vinamenywa? Mpe kisu, na uvumilie, maana hawa watu wanamenya kiazi mpaka kinabaki saizi ya goroli. Watoto watacheka. Waacheni wacheke. Mimi nimetafsiri mazungumzo ya wageni na wenyeji miaka yote hii, na nawaambia, dakika kumi za kucheka kiazi zimenipunguzia kazi ya kutafsiri usiku mzima.

Nitawapa kisa kimoja. Alikuja mzee wa Kiholanzi, mstaafu, mrefu, kimya. Wenzake wanapiga picha, yeye anautazama mlango wa jikoni. Ule mlango ulikuwa mzito, ukiufungua unakwaruza saruji krrrr, pale sakafuni umeshachora nusu duara. Akaniuliza kama kuna randa. Nikaenda kwa fundi jirani nikaazima. Kumbe mzee alikuwa seremala. Asubuhi, kabla ya chai, ameshaung'oa mlango, ameulaza juu ya magogo mawili, maranda yametapakaa uani, kuku wanayaparura wakidhani kuna kitu. Aliurudisha, akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda mpaka ukutani bila sauti. Baba mwenye nyumba akampa mkono, akaushika muda mrefu.

Mwezi uliofuata nimepita, mama mwenye nyumba ananilalamikia. "Yule mzungu wako ameniharibia mlango." Umefanyaje? "Zamani kijana wangu akirudi usiku wa manane nilikuwa namsikia!"

(Kicheko.)

Pamoja na malalamiko hayo, nyumba ile inapokea watu mpaka leo, na kila kundi linasimuliwa habari ya mlango. Mzee yule seremala alilipa sawa na wengine, lakini yeye ndiye anayetajwa.

Sasa, jembe lina mipaka yake. Kumpa mgeni ndoo abebe kichwani ili wenzake wampige picha, hiyo ni ngonjera. Mgeni aliyetembea kilomita kumi na tano na malengelenge mguuni, mwache akae. Na mzee asiyetaka kufanya lolote ana haki yake, amelipa. Lakini mwulizeni. Tatizo letu hatuulizi, tunamnyang'anya sahani mkononi kana kwamba amefanya dhambi.

Chakula. Hapa nina ugomvi na mafunzo ya zamani, ambayo na mimi nilishiriki, nikiri. Tuliwafundisha akina mama kupika tambi na chipsi, tukasema wazungu hawali vyakula vyetu. Matokeo yake mtu katoka Ulaya, kapanda mlima siku mbili, anaketi kwa mama wa Kisambaa anakula tambi zilizolainika mno, na mama anaona haya kwa sababu anajua si nzuri. Upuuzi mtupu. Pikeni makande. Pikeni ugali na mnafu, maharage, ndizi, magimbi ya asubuhi na chai ya rangi yenye mchaichai. Msimu wa plamu, weka plamu mezani, inatosha. Ninachosisitiza ni maji ya kunywa yachemke mpaka yaruke, na mikono inawe kwa sabuni, ya mpishi na ya mlaji.

Na kuku msiwachinje kabla hamjauliza. Hili ni kosa langu, nilisimulie. Nilikuwa na dada mmoja ambaye hali nyama, na nilijua tangu Lushoto, nikasahau kutangulia kusema. Tumefika, bibi wa nyumba amechinja jogoo, si kuku tu, jogoo, yule wa kuamsha kijiji. Amempakulia mgeni firigisi na paja. Dada wa watu anaangalia sahani, anaangalia mimi. Bibi anaangalia dada, anaangalia mimi. Nikaanza kueleza, na kadiri ninavyoeleza ndivyo bibi anavyozidi kunyamaza, maana kwake mtu kukataa firigisi ni kukataa nyumba. Nililala na aibu. Asubuhi hapakuwa na jogoo wa kutuamsha, tukachelewa kuondoka. Tangu siku ile, jioni moja kabla ya kufika napiga simu: wako wangapi, nani hali nini, nani haingii kwenye nyumba yenye paka. Mwongozaji asiyepiga simu, mnyimeni watu wake pa kulala. Nasema kweli.

Maji na kuni. Watu wa mjini wanadhani gharama ya mgeni ni chakula. Watu wanane wakioga ndoo moja moja ya maji ya moto, kuongeza ya chooni, ya kupikia na ya vyombo, ndoo za lita 20 zinafika kumi na tano bila taabu. Nani anazibeba kutoka bombani? Si mwongozaji, wala si baba. Na kuni za kupasha maji hayo ni za nani? Zamani tulikuwa tunaziendea msituni tu, sasa Magamba ni hifadhi na kuna utaratibu wake. Kwa hiyo ndoo ya kuoga ihesabiwe kwenye bei. Mgeni akiambiwa "ndoo hii imebebwa na mtu nusu saa," ataoga kwa nusu yake na atashukuru. Asipoambiwa ataomba ya pili.

Nimegusa bei, basi nimalizie hapo hapo, maana ndipo penye donda.

Ofisi moja niliyoifanyia kazi zamani, siitaji, ilikuwa inakusanya fedha zote mjini na kuzilipa kaya "baadaye". Mimi ndiye niliyekuwa napeleka hiyo baadaye. Bibi mmoja alinisubiri kwenye kona ya shamba lake, akaninyooshea kidole mistari ya maharage. Akasema, "Mwanangu, yale mliyokula yaliisha. Haya niliyapanda baada ya ninyi kuondoka. Ona, yanachanua. Hela yangu imepandwa wapi?" Sikuwa na jibu. Niliacha kazi pale, ingawa si siku ile, nisijisifu. Niliacha baada ya miezi minne, nilipopata pengine pa kwenda.

Kwa hiyo kanuni tuliyokubaliana na uongozi wa kijiji ni hii: fedha ya chumba na chakula inalipwa asubuhi, kabla kundi halijavaa mabegi, na inakwenda kwenye simu ya aliyepika. Simu iliyosajiliwa kwa jina lake yeye mama. (Minong'ono.) Nasikia huko nyuma. Baba zangu, sikumpokonya mtu ukuu wa nyumba. Nasema tu kwamba aliyeamka saa kumi kuwasha moto ndiye asikie mlio wa ujumbe. Fungu la kijiji linakwenda kwa mtendaji na stakabadhi inatoka. Changu mimi kinaandikwa pembeni, nanyi mkione. Mgeni naye anaonyeshwa karatasi hiyo hiyo. Bei iliyosemwa wazi haivunji ukarimu. Kinachouvunja ni mgeni kuondoka akidhani ametoa kingi, na mwenyeji kubaki akijua amepata kidogo, na katikati yao nimesimama mimi natafsiri "asanteni sana" pande zote mbili.

Mambo mengine ni mafupi. Watoto wasihamishwe vitandani, nyumba isiyo na chumba cha ziada ipokee wawili tu, au ipokee kwa chakula cha mchana. Peremende na kalamu za kugawa barabarani nazizuia mimi kule Lushoto, mkiziona zimepita niambieni. Picha ya mtoto ni kwa ruhusa ya mzazi. Na hili nalisema bila mzaha: mgeni halali chumba kimoja na mtoto wa nyumba, wala hatoki na mtoto peke yake kwenda mtoni au dukani, hata awe mwema namna gani, hata kama mmemzoea kwa jioni ile. Kaptula fupi naziongelea mimi njiani kabla hatujaingia kijijini, msihangaike nazo. Kwenye nyumba inayosali jioni, sala iendelee, mgeni atakaa kimya, yeye si mtoto. Na boha, ile pombe yetu ya kienyeji, wale mnaoipika, mnajijua, mpeni kikombe kimoja. Kimoja. Kesho yake ni mimi ninayemsukuma kupanda mlima.

Linabaki la zamu. Nyumba yoyote isipokee zaidi ya mara moja kwa wiki, na nyumba yenye mgonjwa, mama aliyejifungua au mavuno inatolewa kwenye orodha bila kuulizwa mara mbili. Sitaki tena kudanganywa msiba. Mama akisema "wiki hii hapana," hiyo ni sababu kamili, na mwongozaji anaelekea nyumba inayofuata.

Daftari hili hapa, na kalamu mbili, moja haiandiki vizuri. Anayetaka kuingia kwenye zamu aandike jina la mpishi, namba yake ya simu, vitanda vingapi. Halafu safu ya mwisho, hii niliyoichora kwa mkono, aandike jembe la nyumba yake. Kazi gani mgeni ataikuta jioni akifika. Msiniandikie "ngoma za asili", najua hakuna anayecheza ngoma Jumanne jioni.

Naam, mama? Simama tusikie.

Kupukuchua mahindi. Vizuri, andika.

Na wewe dada? Kushika ndama wakati wa kukamua. Huyo ndama ana tabia gani? ... Anapiga mateke. Andika, na uandike hivyo hivyo kwamba anapiga mateke, niwaambie mapema.